Sahani ya Mzee Jamali

Nilipoingia chumba cha wagonjwa asubuhi ile, nilimkuta baba analowa jasho. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, wagonjwa wengine wamejifunika mpaka shingoni, na yeye peke yake shati limemganda mgongoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anampepea kwa kipande cha katoni.

"Ni joto," akaniambia kabla sijamuuliza. "Anasikia tu joto."

Joto gani? Nilikuwa nimetoka kwetu, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, juu ya pikipiki, nimepigwa na mvua njia nzima, meno yakigongana. Nilimshika baba mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa, na unatetemeka.

"Baba."

Alinitazama, akatafuta jina langu, akaniita Rachida. Rachida ni dada yake mkubwa. Tulimzika mimi nikiwa bado nasoma.

Watu wa soko la Kenya wananijua kwa mambo mawili, mishono yangu na mdomo wangu. Nashona magauni mazuri na sinyamazi. Basi nilisimama katikati ya chumba, kati ya vitanda vyote vile, nikapiga ukelele mpaka mtoto wa watu akaanza kulia. "Madame! Madame Annie! Muko wapi? Baba anakufa huku!"

Madame Annie alikuwa kwenye kitanda cha mwisho, anafunga kidonda. Ndiye muuguzi mkuu wa chumba kile, mama wa makamo, mfupi, ana miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Hakukimbia, na hilo likaniudhi zaidi. Alimaliza kufunga, akavua glavu, akasugua mikono na dawa huku anakuja kwa hatua za haraka. Alipofika hakuniangalia mimi, alimwangalia baba.

"Papa Jamali. Unanisikia? Uko wapi sasa?"

"Ku Kasomeno," akajibu baba. "Camion imekwama."

Alikuwa anafanya biashara ya samaki wa Kasenga miaka hiyo, na kule njiani Kasomeno lori lilikuwa linakwama kila masika. Lakini lori lile liliuzwa zamani. Madame Annie alichukua kimashine cha kupimia sukari, akamchoma kidole, akakamua tone la damu. Nilimwona akitazama namba, na nikaona uso wake unavyobadilika.

"Sukari imeshuka," akasema. "Imeshuka sana."

Hapo ndipo nilipolipuka. "Imeshuka aje? Si munasema iko na sukari mingi? Nani alimudunga insulini asubuhi?"

"Ni mi."

"Basi ulimuzidishia! Munaona? Munamudunga muntu sawa munadunga godoro, sasa ona! Nitaenda ku directeur. Leo hii nitaenda, mbele ya bantu bote!"

Nilitaka anijibu ili nipate pa kushika. "Nafisa," akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, "kamata kichwa yake. Tunamugeuza ku upande. Polepole."

Nikashika kichwa. Sijui kwa nini nilitii, labda kwa sababu mikono yake ilikuwa imekwisha kuanza kazi na yangu ilikuwa haina la kufanya. Tulimlaza baba ubavu. Mwenzake Madame Annie, anaitwa Simone, alikuja na sinia la sindano.

Wakati huo huo mwanamke mmoja anayemlinda mtoto wake kitanda cha tatu akaleta kikombe cha maji ya sukari, mwema wa Mungu, na kijiko ndani. Mama alikipokea, akakisogeza kwenye midomo ya baba. Madame Annie alimzuia mkono palepale.

"Hapana, mama! Hajijue. Akimeza mubaya, maji itaingia mu mapafu, na hapo sitaweza kumurudisha."

"Lakini Madame, si unasema ni sukari anakosa?"

"Anakosa. Lakini haipiti huko kwanza."

Alivaa glavu mpya, akachovya kidole kwenye sukari kavu iliyokuwa kwenye sinia la Simone, akapaka kidogo tu ndani ya shavu, upande wa chini. Kisha akaanza kutafuta mshipa. Alifunga mpira kwenye mkono wa kushoto, akapapasa, akachoma. Hakupata. Akahamia mgongo wa kiganja. Taya za baba zilikuwa zimebana na bega lake limeanza kurukaruka. Mama alikuwa anasoma dua kwa sauti ambayo haitoki. Mimi nilikuwa nimeshika kile kichwa ambacho kimenilea, kimelowa, kizito, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote maishani mwangu.

"Nimeupata," akasema Madame Annie.

Simone alikuwa amekwisha kuvunja ampuli ya sukari na kuivuta kwenye sindano kubwa. Alisoma jina la dawa kwa sauti, Madame Annie akalisoma tena kabla ya kuipokea. Kisha akaanza kusukuma, kidogo, akasimama, akaangalia ngozi ya mkono, akasukuma tena kidogo.

"Sukuma yote!" nikasema. "Unangoja nini?"

"Nikienda mbio nitamuchoma mushipa. Na ni mushipa moja tu niko nao."

Ilibidi niume midomo. Na huku anasukuma, bila kuinua macho, akamuuliza mama, "Mama Amida, asubuhi alikula nini?"

"Mukate," akajibu mama. "Mukate na mayai. Alikula yote. Si ulijionea sahani?"

"Niliiona."

Niwaeleze kidogo. Hospitali zetu hapa Lubumbashi hazipiki. Kila mgonjwa ana mlinzi wake wa nyumbani, garde-malade, anayelala naye, anayemletea chakula, anayemfulia. Asubuhi Madame Annie anapita na sinia lake la insulini, na ana sheria moja ambayo hata mimi naijua: hamdungi mtu ambaye hajala. Anapita, anaangalia sahani juu ya kimeza. Ikiwa tupu, anadunga. Ikiwa imejaa, anasubiri, anagomba, anarudi. Baba aliletwa pale kwa kidonda cha mguu kilichokataa kupona kwa sababu ya kisukari, na tangu alipoletwa sahani yake ilikuwa tupu kila asubuhi. Madame Annie alikuwa anamsifu mbele ya wengine.

Baba alifungua macho. Kwanza yalikuwa ya mtu mwingine, kisha taratibu yakawa yake. Alimwona mama. Akaniona mimi, akasema, "Nafisa, mbona umelowa?" Nikakaa chini, sakafuni, na gauni langu jipya. Mama yule wa kitanda cha tatu alipiga vigelegele, akanyamazishwa.

Kila mtu alishusha pumzi isipokuwa Madame Annie. Alimpima baba tena, akaona sukari imepanda, akaitika kwa kichwa, lakini sura yake ilibaki imekunjamana. Alikuwa anafikiri. Akachukua chupa ya insulini kwenye sinia, akaisoma tena, akamuuliza Simone kipimo walichovuta asubuhi. Simone alimtajia. Ndicho kile kile cha siku zote, na walikuwa wamekisoma wote wawili.

"Kama alikula mukate na mayai," akasema, "na dawa ni ile ile, haitakiwe kuanguka hivi. Basi kuko kitu ingine. Labda figo. Nitaita docteur, labda tutasimamisha insulini kwanza."

"Na mukiisimamisha, kidonda?" nikauliza kutoka sakafuni.

"Kidonda itarudi nyuma."

Nyuma maana yake kukatwa mguu. Daktari alikuwa amekwisha kutuambia wiki ile kwamba mguu unaanza kuitika dawa, kwamba labda hautakatwa. Nilisimama tena, hasira imenirudi yote. "Munaona? Munakosea ninyi, na atakatwa mguu ni baba! Sema tu Madame, sema mbele ya bantu kama ulikosea!"

"Inawezekana nilikosea," akasema. "Njo maana nauliza. Kama ni mi, nataka kujua ni mu nini, juu nisirudilie kesho. Mama Amida, nisaidie. Mukate yote alikula? Hakutapika?"

"Hakutapika," akasema mama. Alikuwa anaangalia ndala zake.

"Madame Annie."

Ilikuwa sauti ya Papa Liévin wa kitanda cha jirani. Mzee wa reli huyo, amevunjika paja, mguu umening'inizwa kwa kamba, na hawezi kugeuka wala kukimbia. Ni mtu wa utani, kutwa kucha anatuchokoza Waislamu na Wakatoliki wenzake bila ubaguzi. Sasa hakuwa na utani wowote usoni. Shuka alikuwa ameipandisha mpaka kidevuni.

"Madame Annie, excusez. Ile mayai ni mi njo nilikula."

"Mayai gani, papa?"

"Ile ya muzee. Na mukate. Ya leo, ya jana, na ya juzi." Alimeza mate. "Bibi yangu anafikaka midi, saa sita. Asubuhi mi niko na njala. Mama huyu ananipatia sahani, ananiambia, kula papa, sisi tulishiba. Mi nikawaza ni sadaka, juu beko mu mwezi yabo ya kufunga. Nakula, namurudishia sahani, yee anaiweka pale juu ya meza. Mi sikujua kama ni chakula ya kumuponesha muntu. Sikujua, haki ya Mungu."

Mama alifunika uso kwa mtandio. Hakuna aliyehitaji kumuuliza zaidi. Baba alikuwa amefunga. Juzi na jana alikuwa bado na serumu mkononi, chupa ya maji ya mshipa, ikimpa sukari kidogo kidogo, kwa hiyo haikuonekana. Jana jioni serumu iliondolewa, na leo insulini imekuta tumbo tupu.

Nilimgeukia mama nikiwa na maneno mdomoni ambayo hayafai kuandikwa. Mwanamke aliyenizaa, kakaa pale anaangalia nawatukana watu wa hospitali, na anajua. Anajua! Angeniacha nifike kwa mkurugenzi, angeacha insulini isimamishwe, mguu ukatwe.

"Alinilapisha," akasema mama ndani ya mtandio. "Baba yako aliniapisha nisiseme. Na mi niliona utapiga kelele, Nafisa. Unapigaka kelele."



Madame Annie hakupoteza muda na sisi. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa, uso wake ukawa sawasawa na uso wa baba pale juu ya mto. Simone alikuwa amekwisha kumtuma kutafuta serumu ya sukari kwenye majengo mengine, maana chumbani mwetu ilikuwa imeisha. Ampuli ilikuwa imebaki moja.

"Papa Jamali, sikiliza. Ile nilikutia mu mushipa inapita haraka. Lakini dawa ya asubuhi iko ndani yako mupaka magharibi, hatuwezi kuitosha inje ya mwili. Inatafuta sukari. Ikikosa, utalala tena sawa ulilala sasa hivi, na sikuapie kama utaamuka. Inaomba ule. Si magharibi. Sasa."

Baba aliyafunga macho. "Hapana."

"Baba!" nikasema. "Mungu mwenyewe alipatia bagonjwa ruhusa!"

"Najua. Ni mi njo nilikufundisha hiyo."

"Basi?"

Alibana midomo, akageuza uso pembeni, mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe, amebana midomo. Nikasema hivi hapana, nitamfungua kinywa mwenyewe, mama ashike mikono. Nilisema kwa sauti. Madame Annie akaniinulia kiganja.

"Nafisa, ukipiga kelele tena utaenda inje. Huyu hayuko godoro. Wewe mwenyewe ulisema."

Nikarudi nyuma hatua moja. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Madame Annie akamuuliza baba kwa sauti ya chini, "Papa, niambie. Si mambo ya ruhusa. Ni nini?"

Baba bado alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala tena, nikaogopa.

"Nilifunga tangu niko mutoto," akasema baba. "Ku njia ya Kasenga, mu matope, tunasukuma camion na mvua inatupiga, bengine banakunywa, mi nimefunga. Sasa wewe unanigeuza. Simone ananiosha. Muke wangu ananipeleka ku choo, ananivua suruali. Mukitaka kunidunga munanidunga. Mukitaka kufungua kidonda munafungua. Munasema juu yangu hapa hapa mbele yangu, mukate mguu, bakate, musikate. Hakuna hata mumoja ananiuliza kitu. Ni kinywa tu njo ilibakia yangu. Na hii munaitaka."

Niliona aibu, nalisema wazi. Mimi ndiye niliyekuwa namvalisha shati kila asubuhi huku naongea kwa simu.

"Ni kweli, papa," akasema Madame Annie. "Hatukukuuliza. Mi mwenyewe, kila asubuhi niliangalia sahani. Sikuuliza mwenye tumbo. Ungeniambia kama unafunga, tungetafuta njia na docteur mbele mwezi ianze. Lakini haukuniambia juu sikukuuliza. Hiyo ni yangu."

Alisema hivyo mbele ya chumba kizima, mbele yangu mimi niliyekuwa nimemlilia maneno hayo tangu mwanzo. Ajabu ni kwamba sikufurahi hata kidogo.

"Mambo ya dini yako mi sina kinywa," akaendelea. "Niko mukatolike wa Kongolo. Na siwezi kukufungua kinywa na nguvu, wala sitakufichia kitu mu maji. Ukisema hapana, nitakaa hapa pembeni yako, nitakupima, na ukianguka nitakudunga ile ampuli ya mwisho. Kisha hapo sitakuwa na kitu. Nakuambia ili ujue. Na nakuomba ukule."

Akachukua kidole chake tena. Mara hii alimuuliza kwanza, "Naweza?" na baba akakitoa mwenyewe. Kimashine kilitoa namba. Sikuielewa, lakini niliona jasho linaanza upya pale kwenye paji la uso wa baba, matone madogo madogo. Simone alikuwa hajarudi.

"Inashuka," akasema Madame Annie.

Baba alifungua macho akaangalia mlango. "Ba Bilal banakuya kuniona," akasema, polepole sana sasa, ulimi umeanza kuwa mzito. "Bantu ba musikiti. Kila siku banakuya. Batakuta nakula muchana, mu Ramazani, mbele ya salle muzima ya bagonjwa. Mi, Jamali."

Basi ndilo lilikuwa limebaki. Si Mungu, ni Bilal. Nilitaka kucheka na kulia, nilitaka kumtingisha. Lakini Madame Annie alipokea neno lile kwa heshima zote, akalifanyia kazi hapo hapo.

"Hakuna muntu atakuona. Mama Amida, nipatie kitenge."

Vitanda vyetu havina mapazia. Mama alifungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, cha bluu chenye maua, kipana. Madame Annie alinipa mimi ncha mbili, mama ncha mbili. "Simameni hapa na hapa. Mikono juu. Mugeuke mugongo."

"Mi siwezi kugeuka," akasema Papa Liévin kutoka kitandani, "lakini nafunga macho. Nilikula mayai yako, muzee, sina hata uso wa kukuangalia. Madame, kamata thermos yangu, iko bouillie, uji ya mahindi, bibi alinipatia jana jioni, iko na sukari mingi mupaka inanichoma meno."

Tulisimama, mgongo kwa kitanda, kitenge tumekiinua mabegani. Sikuona kitu tena, nikawa nasikia tu. Nilisikia mito inapangwa na Madame Annie akisema, "Nakukalisha, papa, ninaweza?" Nilisikia kijiko cha maji tupu, na yeye akisema, "Meza. Niangalie. Sema aaa." Sauti ilitoka safi. Kisha thermos ikafunguliwa.

"Shika wewe," akasema Madame Annie.

"Mukono inatetemeka."

"Itetemeke. Mi niko chini na bakuli."

Kijiko kilianza kugonga ukingo wa bakuli, ko ko ko ko, hakitulii. Mama alitaka kugeuka kumsaidia, nikaliona bega lake linavyokwenda. Nilimtikisia kichwa, akabaki. Kisha nikamsikia baba akisema bismillahi, kwa sauti ndogo sana, na kijiko kikanyamaza.

Hapo ndipo walipofika. Bilal na wazee wengine wawili, kanzu zao zimelowa chini, miavuli inadondosha maji mlangoni. Bilal ana sauti ya kuita watu sokoni, hajui kunong'ona.

"Salaam aleikum! Muzee Jamali anaamuka aje?"

Nyuma ya kitenge hakukuwa na sauti yoyote. Hakuna kijiko, hakuna kumeza. Baba alikuwa ameganda palepale, uji mdomoni au mkononi, sijui. Nilijua tu kwamba ndani yake dawa haisimami. Kama akiutema, kama akikirudisha kijiko, hatakishika tena.

Bilal akapiga hatua moja ndani. Mimi, ambaye soko zima linajua nikianza kusema hadi wa upande wa pili wanasikia, nilitafuta sauti yangu na nikaikuta ndogo.

"Aleikum salaam, kaka," nikasema. "Madame anamusafisha. Hayuko muzuri wa kuonekana. Nakuomba, mungojee inje."

"Tunamufanyia dua kidogo tu, mudada."

"Inje, kaka Bilal. Muifanyie inje. Mungu anasikia hata kwa dirisha."

Alinitazama mimi, akamtazama mama, akakitazama kitenge. Sijui alielewa nini, na mpaka leo hajaniambia. Aliinamisha kichwa, akawarudisha wenzake kwa mkono, nikasikia miavuli inafunguliwa tena kule barazani.

Tulingoja. Mama alikuwa ameuma mdomo. Papa Liévin kafunga macho kwa nguvu mpaka uso wote umekunjamana. Nilihesabu matone ya jasho langu mwenyewe yakishuka kwapani. Madame Annie hakusema kula, hakusema haraka, hakusema neno.

Kisha kijiko kikagonga bakuli.

Akameza. Nilimsikia kabisa, koo la mzee, kwa shida. Kikagonga tena. Akameza. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi na machozi yalikuwa yananitiririka mpaka shingoni, na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Nilivuta kamasi kimyakimya, au nilidhani kimyakimya.

"Nafisa," akaita baba nyuma yangu.

"Siangalii, baba."

"Unalia nini? Mwenye kufungulia saumu si ni mi?"

Nilipandisha kitenge juu kidogo.